Taa Ambayo Mwendeshaji Haioni

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mengo, Kampala, ikikaribia saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Taa zimegoma zote." Hata sijamaliza kuitikia, picha zilikuwa zimeshaingia kwenye simu: Honda XL125S, pikipiki iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha gwaride, kiti kimeng'olewa, tanki limeegeshwa ukutani, nyaya zimechomoza kila upande. Aliinunua kwa akiba ya mwaka mzima na kuifufua kwa mikono yake, boliti kwa boliti. Fundi wa kwanza alimwambia tatizo ni betri, akanunua betri. Wa pili akasema ni rektifaya, akanunua rektifaya. Wa tatu alitazama kwa dakika moja akatoa hukumu: wayaringi yote ing'olewe, iwekwe mpya.

"Nimruhusu?" aliniuliza.

"Usimruhusu mtu yeyote akate waya wowote. Ninakuja."

Nyumbani Bukoba walishangaa. Kuvuka Mutukula, kupita Masaka, kushinda ndani ya basi, yote kwa ajili ya taa za pikipiki? Sikuwalaumu. Hawakujua kwamba niliwahi kuendesha pikipiki ya aina hiyo hiyo, kwenye barabara hizo hizo, kwa miaka minane, na kwamba taa yake moja ndogo, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siioni, nusura initoe roho na kumtwika mtu mwingine damu yangu.

Nilihamia Mengo mwaka 1998. Mhaya akiingia Buganda hajioni mgeni sana: lugha zinakaribiana, na ndizi za kupika ni chakula cha pande zote mbili. Nilipanga chumba kimoja, muzigo kama wanavyokiita huko, chini kidogo ya ukuta wa Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kazi yangu ilikuwa Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa katikati ya jiji, ambako mashine hunguruma kutwa na harufu ya wino haikutoki hata ukioga. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, fomu za shule. Mimi nilikuwa msambazaji, na tajiri alininunulia pikipiki iliyostaafu kwenye mradi mmoja wa maji vijijini: XL125S ya volti 6, kilomita zake hazijulikani kwa sababu kebo ya spidomita ilikuwa imekatika zamani.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na giza la ikweta halina subira. Jua huzama muda mfupi kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na ukigeuka tu, usiku umeshaingia. Wateja wetu wa Rubaga, Wakaliga na Busega walitaka mizigo yao baada ya kazi. Kwa hiyo nusu ya maisha yangu juu ya ile Honda niliyaishi gizani.

Wiki ya pili taa ya mbele iliungua. Nikaingia duka moja la spea mjini, nikaomba balbu ya pikipiki, nikapewa. Usiku ule taa ilitoa mwanga wa manjano uliochoka, kama mshumaa ndani ya chupa chafu. Nikarudi dukani. Muuzaji akasema koili ya magneto, inayozalisha umeme injini ikizunguka, imechoka, akaniuzia koili. Nikaifunga, mwanga ukabaki vile vile. Spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi dukani, hiyo ndiyo sheria ya Kampala na ya kila mji ninaoufahamu. Mshahara wangu wa kwanza uliishia humo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Katwe. Katwe iko chini tu ya Mengo, mwendo wa miguu, na sifa yake ni ya zamani: ni mtaa wa mafundi, watu wanaofua majiko, masanduku na mageti, wanaofufua injini ambazo wengine wameshazizika. Mzee huyo alikuwa na benchi chini ya mwembe, na kiboksi cha mbao chenye vifaa vinavyoweza kuenea kwenye kikapu cha sokoni. Miaka ya utawala wa Idi Amin alikimbilia Nairobi akafanya kazi gereji, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za Nairobi, na Kiganda kikipita juu yake. Alichomoa balbu, akaifuta kwa kidole gumba, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ssebo, hii ni ya volti 12. Pikipiki yako ni ya 6. Mtoto amevishwa shati la baba yake."

Maandishi yalikuwa pale kwenye shaba ya balbu, madogo lakini yanasomeka. Mimi sikuyasoma, na aliyeniuzia hakuuliza. Nilinunua koili nzima kwa sababu ya namba moja iliyochapwa kwenye kitako cha balbu, na mimi nilikuwa mtu wa kiwanda cha chapa.

Tangu siku ile nikawa ninapita kwa mzee kila Jumamosi mchana. Chombo chake kikuu hakikuwa mita. Mita alikuwa nayo, ya mshale, ameifunga kwenye kitambaa, na aliitoa mara chache. Alichotumia kila siku ni taa ya kupimia: balbu ndogo ya indiketa iliyochomelewa nyaya mbili, mmoja una kibano cha meno mwishoni, mwingine umefungwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kibano unakibana kwenye chuma cha injini, spoki unaichoma kwenye kiungo cha waya. Ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, rudi nyuma kiungo kimoja, choma tena. Kati ya mahali ilipowaka na mahali ilipokataa, ndipo palipo na ugonjwa. Nilipoanza kumweleza ninavyohisi, kwamba labda ni hiki, labda ni kile, alinyoosha mkono kunizuia. "Mpola mpola," yaani polepole. "Usiniambie mimi. Muulize waya."

Alinifundisha kwanza kwamba pikipiki ile ina nyumba mbili za umeme, amasannyalaze kwa Kiganda chake. Nyumba ya kwanza inakula moja kwa moja kutoka kwenye magneto: taa ya mbele, taa ya nyuma ya usiku, na kitaa cha spidomita. Injini isipozunguka, nyumba hiyo haina chakula. Nyumba ya pili inakula kwenye betri, ambayo nayo inajazwa na magneto kupitia rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme ufae kuchaji: honi, indiketa, taa ya breki. Mtu akishalijua hilo hawezi kudanganywa kirahisi. Honi inalia vizuri lakini taa ya mbele imekufa? Basi betri haina kosa, usiinunulie mwenzake. Injini ikivuma taratibu taa inafifia, ukivuta mafuta inang'aa? Huo ndio mwenendo wake, si ugonjwa. Nimekutana na vijana wengi waliobadilisha vitu vizima kwa sababu tu hawakujua kitu kinakula nyumba gani.

Baada ya hapo zikafuata rangi. Kwenye Honda, waya wa kijani ndio unaorudi nyumbani, ethi kama mafundi wanavyoiita. Mweusi unatoka kwenye swichi ya funguo. Kahawia unakwenda taa ya nyuma. Kijani chenye mstari wa njano ni breki. Bluu ni mwanga mkali, mweupe ni wa chini. Nilizikariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri aya. Na akanionya: ukihamia Yamaha, waya mweusi ndio ethi. Fundi aliyezoea Honda akifika huko bila kupima, anakutanisha chanya na hasi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini neno alilolirudia kuliko yote ni hilo la kurudi nyumbani. Umeme haufiki kwenye balbu ukabaki humo kama maji kwenye mtungi. Unapita, unafanya kazi, unarudi ulikotoka, na njia ya kurudi ina uzito uleule wa njia ya kwenda. Pikipiki nyingi hutumia fremu yenyewe na boliti zake kuwa sehemu ya njia hiyo, na boliti hushika kutu. Kwenye mfumo wa volti 6 madhara yake ni makubwa. Balbu ya wati 35 inavuta karibu ampea 6, na kiungo chenye kutu, hata ukinzani wake ukiwa nusu ya ohmu tu, kinaweza kula karibu theluthi ya nguvu ya umeme kabla balbu haijaonja chochote. Taa inafifia, mtu ananunua balbu mpya. Mzee aliinamia boliti ya ethi ya pikipiki yangu, akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka grisi kidogo, akaifunga. Mwanga ukaruka hadi ukuta wa ng'ambo ya barabara. Gharama yake ilikuwa kipande cha msasa kinachotosha kufunika kidole.

Kosa langu la pili lilikuwa la kiburi zaidi. Fyuzi iliungua nikiwa Wakaliga na mzigo wa kadi za harusi ya kesho yake. Mtu mmoja kibandani akanionyesha kile wanachokifanya wengi: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, unaizungushia fyuzi iliyoungua, unairudisha. Honi ikalia, indiketa zikawaka, nikamshukuru sana. Nilipofika mzunguko wa Kibuye nikahisi harufu ya plastiki, halafu joto chini ya paja. Nikasimama, nikafunua kiti. Ganda la waya mwekundu wa betri lilikuwa limeyeyuka na kushikana na wenzake, moshi mwembamba unatoka. Niling'oa waya wa betri kwa vidole vitupu, na alama ya kuungua ninayo mpaka leo kwenye kidole cha shahada.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza kama ninaifahamu Nantawetwa. Ningeachaje kuifahamu? Ni ule mzunguko ulio katikati ya barabara ya Kabaka Anjagala, barabara iliyonyooka kutoka Lubiri hadi Bulange, yaliko makao ya bunge la Buganda. Sisi sote tunauzunguka. Kabaka peke yake ndiye hazunguki: geti la katikati hufunguliwa, naye hupita moja kwa moja. "Sasa," akasema, "umeme ukipata geti la katikati, nao hauzunguki. Hauna haja ya kupitia kwenye balbu. Waya mmoja umechubuka, umegusa fremu: geti limefunguka. Unapita wote, kwa kishindo. Fyuzi ni askari wa getini. Akianguka, uliza kwanza nani amefungua geti. Wewe umemtoa askari, ukaweka sanamu."

Tulilitafuta geti lile kwa saa nzima. Aliondoa balbu na honi kwenye nyumba ya betri, akawasha swichi ya funguo na ya indiketa, akaweka taa ya kupimia mahali pa fyuzi. Ikawaka, maana yake umeme unavuja ingawa hakuna kitu kilichobaki cha kuula. Kisha akachomoa kiungo kimoja baada ya kingine huku akiitazama. Alipochomoa waya wa indiketa ya nyuma ya kushoto, taa ikazimika. Waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa madigadi mpaka shaba ikaonekana, kidoa kisichozidi punje ya mtama. Sijawahi kuiona njia nzuri kuliko hiyo ya kutafuta shoti, na haihitaji mita wala umeme wa nyumbani.

Masika ya mwaka uliofuata ilikuja hitilafu ya aina nyingine, inayokuja na kuondoka. Taa ya mbele ilizimika kila nilipokata kona ya kushoto, nikinyoosha inarudi. Niliipeleka kwa mzee mara mbili na mara zote mbili ikawaka vizuri mbele yake, kama mtoto anayepona homa akimwona daktari. Mara ya tatu aliniambia niiwashe, akashika usukani, akaugeuza polepole mpaka mwisho huku mkono mwingine ukipapasa fungu la nyaya shingoni mwa fremu. Aliminya, akakunja, taa ikapepesa. Waya wa bluu ulikuwa umekatika ndani, ganda lake zima halina hata mkwaruzo. Miaka ya kugeuza usukani kulia na kushoto ilikuwa imechosha nyuzi za shaba moja moja. Alinishikisha mahali pale ili vidole vyangu vijue: waya mzima una ubishi kidogo ukiukunja, uliokatika ndani unalegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Jicho pekee lisingeugundua.

Baada ya miaka kadhaa ya mafunzo hayo nilijiona fundi. Majirani waliniletea pikipiki zao, nami nikawa na taa yangu ya kupimia mfukoni. Ndipo ukaja mwaka 2006.

Wakazi wa Kampala wa wakati ule hawawezi kuusahau. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepungua mno, na mitambo ya Jinja, Nalubaale na Kiira, haikuweza kuzalisha umeme wa kutosha. Tukaishi kwa mgao. Usiku mmoja mtaa una mwanga, usiku unaofuata ni giza la kukata kwa kisu, na barabarani taa za magari ndizo zilizokuwa taa za mji.

Jumatatu moja nikitoka Busega, uzi wa mwanga wa chini wa taa ya mbele uliungua. Nikabonyeza swichi kwenda mwanga mkali, nikaona mbele, nikamshukuru Mungu, nikaendelea hadi nyumbani. Kesho yake nikabadilisha balbu ya mbele. Nilihakikisha ni ya volti 6. Nilisugua viungo. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa.

Alhamisi usiku, karibu na Nateete, nikiwa upande wangu na mwendo wa kawaida, nilisikia nyuma yangu matairi yakilia. Siyo honi kwanza, matairi. Halafu honi, halafu kishindo cha mzigo. Lori la matoke lilisimama karibu nami kiasi kwamba nilihisi joto la rejeta mgongoni. Mikungu miwili ilikuwa imeanguka kwenye lami.

Dereva alishuka. Nilitegemea matusi, lakini alikuwa mtu mzima, mvi kichwani, na mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kufunga mlango.

"Kijana, huna taa nyuma."

"Ninayo, mzee." Nikabonyeza breki, wekundu ukamulika bonneti ya lori lake.

"Hiyo ni ya breki. Nilitakiwa nikuone kabla hujafunga breki." Akaketi pembeni ya barabara, akaomba maji, na mimi maji sikuwa nayo. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyatoa moyoni: "Ungenifanya muuaji. Nina watoto wa rika lako."

Hakuniacha niende peke yangu. Alipandisha mikungu yake, akawasha taa zake zote, akatembea nyuma yangu taratibu kama anasindikiza bibi harusi, lori zima la tani nyingi likiwa taa yangu ya nyuma, mpaka njia panda ya kuingilia mtaani kwetu. Sikujua jina lake na sikumwona tena.

Asubuhi yake mzee wa Katwe aliichomoa balbu ya nyuma. Ndani ya kioo kimoja mna nyuzi mbili, wa usiku na wa breki. Wa breki ulikuwa mzima. Wa usiku ulikuwa umekatika na kioo kimeingia weusi. Akaniuliza kama taa ya mbele iliungua siku za karibuni, kana kwamba alikuwepo Busega. Kwenye pikipiki hizi za magneto, akanieleza, koili inazalisha umeme kwa kipimo cha walaji wake, na mlaji mkubwa ni taa ya mbele. Yeye ndiye anayebeba mzigo. Akianguka ghafla injini ikiwa inakimbia, umeme wote unamwelemea mdogo wake wa nyuma, balbu ya wati tano tu, naye anaungua palepale. Zile sekunde mbili au tatu kati ya kuungua kwa taa na mimi kubonyeza swichi zilitosha. Niliendesha tangu Jumatatu usiku hadi Alhamisi bila mtu yeyote kuniona kutoka nyuma, nikiwa na uhakika kamili kwamba pikipiki yangu ni nzima, kwa sababu kila kilichokuwa mbele ya macho yangu kiliwaka.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote ya Jumamosi chini ya mwembe sikukiona. Nilijifunza umeme kwa ajili yangu, ili mimi nione, mimi nifike, mimi nisitapeliwe dukani. Taa ya nyuma haimsaidii mwendeshaji kuona chochote. Ameibeba kwa niaba ya dereva wa lori, ya mwenye basi, ya kijana mwenzake anayekuja kasi na abiria. Ikizimika, yeye haoni tofauti yoyote. Na kama ilivyo kwa ethi, tunaisahau kwa sababu iko upande ambao hatuutazami.

Niliondoka Mengo mwishoni mwa mwaka ule kurudi nyumbani. Mzee alinipa taa yake ya kupimia, ile yenye spoki. Mwezi uliopita niliibeba mfukoni hadi Kampala. Nilipitia Katwe kwanza. Mwembe haupo, mahali pa benchi pana kibanda cha simu, na vijana waliokuwepo hawakumjua niliyemwulizia.

Kwa mpwa wangu sikuanza na vifaa. Niliuliza. Betri mpya ilipowekwa, ilikuwaje? Akasema honi na indiketa zilifanya kazi siku tatu, halafu zikafifia zikafa. Na taa ya mbele? Haikuwaka hata siku moja tangu amalize kuiunda. Na injini? Inawaka vizuri.

Basi, nyumba zote mbili zina njaa: ya magneto tangu siku ya kwanza, ya betri baada ya akiba kwisha kwa kukosa chaji. Nyumba mbili tofauti, kosa moja. Zinakutana wapi? Zinakutana kwenye njia ya kurudi. Nikaitazama tena ile fremu nyeusi inayong'aa, kazi safi kabisa ya rangi, nikamwuliza kama alikwangua rangi mahali inapofungwa ethi chini ya tanki. Akanitazama tu. Aliipaka tabaka tatu, kila mahali, na boliti akaifunga juu ya rangi. Cheche ya plagi inaridhika na mkondo mdogo unaopenya kwenye nyuzi za boliti. Taa ya ampea 6 haitosheki nao.

Nilimwambia awashe injini. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja nikaibana kwenye boliti tupu ya injini, ncha nyingine nikaigusisha kwenye waya wa kijani. Taa ya mbele ikawaka na chumba kizima kikajaa mwanga. Nikaondoa, ikazimika. Nikampa waya, afanye mwenyewe. Alirudia mara nne bila kusema neno. Kisha tukakwangua rangi sehemu yenye upana wa shilingi, tukasugua kwa msasa, tukapaka grisi, tukafunga. Rektifaya ya zamani ilikuwa nzima, betri ya zamani nayo ilikubali chaji. Wayaringi yote ilikuwa nzima. Fedha aliyotumia kwa makisio ya watu wawili ingetosha kumlipia kodi ya chumba.

Tulitoka jioni ile tukasimama Kabaka Anjagala, giza likiingia. Mengo ya sasa imejaa bodaboda kuliko ya zamani, zile za volti 12, na zimeanza kupita hata za umeme, zinazoendeshwa kwa betri pekee bila magneto. Nyingi zimepambwa kwa LED za bei nafuu. Ninawaomba vijana wanisikilize katika hili: taa nyeupe au bluu nyuma ya pikipiki ni hatari, kwa sababu anayekufuata akiona nyeupe anadhani unakuja kukutana naye, ilhali unakwenda mbele yake. Wekundu wa nyuma ndio unaomwambia dereva mko njia moja. Na tulipohesabu pale, mimi na mpwa wangu, kati ya pikipiki ishirini za kwanza zilizotupita, tano hazikuwa na taa yoyote nyuma. Zote tano zilikuwa na taa nzuri mbele. Naamini wenyewe hawakujua.

Kwa hiyo, ndugu unayeendesha pikipiki, kongwe au mpya: leo jioni kabla hujatoka, washa injini, washa taa, halafu shuka. Zunguka nyuma, usimame pale atakapokuwa mwenye lori, utazame bila kushika breki. Kama huwezi kushuka, rudi nyuma karibu na ukuta uangalie kama umekuwa mwekundu, au mwombe mtu akutazamie. Ikiwa taa imezimika, balbu yake ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa. Usitoke mpaka iwake.